Oldupai na Umasaini katika safari moja: jibu kwa mama wa Dodoma

Swali: Mimi na mume wangu tunaishi Dodoma. Tuna watoto watatu, wa miaka 7, 10 na 14, na tunaishi na mama mkwe wangu, Mgogo wa Chamwino aliyevuka miaka 70. Likizo ya Desemba tunataka kuwapeleka watoto kaskazini kwa siku tano, wakaone Oldupai na boma la Wamasai, wajue binadamu alikotoka na wajue utamaduni wa asili. Tuanzie wapi, na tuchague boma la namna gani? Jambo jingine linanipa mashaka: bibi yao ni mtu wa kanisa sana, na hataki wajukuu wake waambiwe kwamba mtu ametokana na nyani. Je, tumwache nyumbani?

Jibu: Mama, bibi asibaki nyumbani. Nitaeleza chini kwa nini naamini kwamba yeye ndiye atakayewafaa watoto kuliko kiongozi yeyote wa watalii mtakayemlipa. Kabla ya kufika kwake, na kabla ya barabara na malazi, sina budi kuanza na jambo ninaloliona kuwa uti wa mgongo wa safari yenu. Katika swali lako umeyaweka pamoja "binadamu alikotoka" na "utamaduni wa asili", kana kwamba Oldupai ni sura ya kwanza ya kitabu na boma la Wamasai ni sura ya pili. Si wewe peke yako. Safari nyingi za kaskazini hupangwa hivyo hivyo, asubuhi mafuvu na alasiri ngoma ya kuruka, na mtoto anayepitishwa mbio namna hiyo hurudi nyumbani akiamini kwamba Mmasai ni mabaki ya mtu wa kale, na kwamba ukimtazama mzee wa boma unamtazama binadamu wa kwanza. Imani hiyo ni ya uongo, inawadhulumu Wamasai, na inawanyima watoto wenu mambo mawili makubwa kwa mpigo. Ushauri wangu wa kwanza, ambao mengine yote yanautegemea, ni kwamba myatenganishe mambo haya mawili katika ratiba na katika maelezo.

Tazama jinsi yalivyo mbali. Wamasai walienea katika nyanda za juu za Ngorongoro yapata miaka 200 iliyopita, wakawasukuma Wadatoga, ambao wengi wetu huwaita Wamang'ati, na ambao nao walikuwa wafugaji wa ng'ombe. Kabla ya Wadatoga walikuwapo wafugaji wengine, wa zamani zaidi, waliowazika wafu wao chini ya marundo ya mawe ndani ya kreta ya Ngorongoro. Chini ya Ukuta wa Bonde la Ufa, kaskazini ya Mto wa Mbu, kuna magofu ya Engaruka, kijiji cha wakulima waliojenga matuta ya mawe na mifereji ya kumwagilia mashamba, kisha wakaondoka katika karne ya 18 hivi. Watu wengi wamepita katika nchi hii, kila jamii na lugha yake na riziki yake, na Wamasai ni miongoni mwa waliofika mwisho. Oldupai, kwa upande mwingine, inahesabu muda kwa mamilioni ya miaka, na viumbe waliozikwa kule hawana undugu wa karibu na Mmasai kuliko walio nao na Mgogo, Mchaga au Mjerumani.

Watoto hawaelewi tarakimu hizi kwa kuambiwa, na hata watu wazima wengi hatuzielewi. Nunueni kamba ya manila yenye urefu wa mita 37, na kabla ya kuondoka ipimeni uani kwa kipimo cha sentimita moja kwa kila miaka 1,000, mkianzia ncha moja ambayo ni leo. Mita 36 na nusu kutoka ncha hiyo fungeni fundo la nyayo za Laetoli, mahali palipo karibu na Oldupai ambapo viumbe wa kale walipita kwa miguu miwili; nyayo hizo zina miaka milioni 3.66. Mita 17 na nusu, fundo la fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale aliyepatikana Oldupai. Mita tatu, fundo la watu wa aina yetu sisi, ambao mabaki yao ya zamani kabisa yaliyopatikana Afrika yana miaka 300,000 hivi. Kisha mwambieni mtoto wa miaka 10 atafute mahali pa kuwaweka Wamasai wa Ngorongoro. Atagundua kwamba ni milimita mbili tu kutoka ncha, na kwamba kuwasili kwa Wagogo, Wairaki na Waswahili wa pwani kote kumo ndani ya urefu ambao angeweza kuufunika kwa kiganja. Ichukueni kamba hiyo safarini, kwa sababu mtaihitaji tena.

Sasa njia. Kwa kuwa mnatoka Dodoma mna bahati ambayo watu wa Dar es Salaam hawana, kwani barabara yenu ya lami ya kwenda Babati inapita Kolo, wilayani Kondoa, penye michoro ya miambani iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Simameni hapo siku ya kwanza. Mtahitaji kibali na kiongozi kutoka ofisi ya mambo ya kale iliyopo Kolo kwenyewe, kisha mwendo wa gari katika njia ya vumbi na kupanda mlima kwa miguu. Bibi anaweza kukaa kivulini chini ikiwa magoti hayamruhusu. Michoro myekundu ya watu warefu wembamba na wanyama huhesabiwa kuwa kazi ya wawindaji, na ile myeupe iliyo juu yake ni ya wakulima na wafugaji waliokuja baadaye. Warangi wa pale wameendelea kutumia baadhi ya maeneo hayo, hasa Mungumi wa Kolo, kwa matambiko ya mvua. Mtafiti Mary Leakey, ambaye jina lake mtalikuta tena Oldupai, alikaa hapo mwaka 1951 akinakili michoro hiyo. Katika kamba yenu, yote haya yako karibu sana na ncha ya leo, na ni vizuri watoto waione hatua hiyo ya karibu kabla ya kurukia mamilioni.

Laleni Babati. Siku ya pili ni fupi, kupitia Makuyuni na Mto wa Mbu hadi Karatu, na ninaiacha iwe fupi kwa makusudi, kwa sababu mtoto wa miaka saba na mzee wa miaka sabini huchoka kwa namna inayofanana, na siku ya tatu inahitaji watu waliolala. Karatu ni mji wa Wairaki kwa sehemu kubwa, una nyumba za wageni za bei zote, na kulala huko ni nafuu kuliko kulala ndani ya hifadhi.

Siku ya tatu ondokeni alfajiri. Lango la Loduare, la kuingilia Hifadhi ya Ngorongoro, hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni, na kutoka hapo hadi Oldupai hesabuni saa mbili za njia ya changarawe, au zaidi kama mvua imenyesha. Chukueni masweta, kwa sababu ukingo wa kreta uko juu ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari na ukungu wake wa asubuhi ni baridi kweli. Chini, Oldupai, kuna joto na ukavu, kwa kuwa milima hiyo hiyo huzuia mvua isivuke. Je, mshuke kretani? Kwa safari hii nasema hapana. Kushuka kuna ada yake ya gari, kunakula nusu ya siku, na wanyama watawasahaulisha watoto kilichowaleta. Simameni tu kwenye kituo cha kutazamia, wazazi waeleze kwamba bonde lile ni volkano iliyobomoka na kudidimia zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita, na kwamba majivu ya volkano za eneo hili ndiyo yaliyohifadhi kila kitu mtakachokiona baadaye.

Jambo hilo la majivu lipeni uzito, kwa sababu ndilo linaloipa Oldupai thamani yake kubwa. Palikuwa na ziwa hapo. Wanyama walikuja kunywa, na viumbe walionyooka kwa miguu miwili walikuja kutafuta chakula. Mara kwa mara volkano zilimwaga majivu, yakatanda, udongo ukaja juu yake, kisha majivu tena. Baadaye sana ardhi ikapasuka na kuteremka, mto wa msimu ukazikata tabaka zile, na leo mtu anayesimama ukingoni huziona kwa macho, za chini zikiwa nyeusi na za kijivu, na moja ya katikati ikiwa nyekundu kabisa. Majivu yana madini ya potasiamu, na sehemu ndogo ya potasiamu hugeuka kuwa gesi ya argoni kwa kasi ambayo haibadiliki, hivyo kwa kupima kiasi cha argoni iliyonaswa mtaalamu hujua majivu yalianguka lini. Mary Leakey alipoliona fuvu la Zinjanthropus tarehe 17 Julai 1959, mume wake Louis alilikisia kuwa na umri wa miaka 600,000. Mwaka 1961 majivu yalipopimwa yalitoa jibu la miaka milioni 1.75, karibu mara tatu ya kisio lake. Mtoto wenu wa miaka 14 ataelewa hili vizuri, na ni somo la fizikia ambalo hatalisahau.

Jumba la makumbusho la sasa lilifunguliwa mwaka 2017 na lipo ukingoni mwa bonde. Msilikimbilie. Kwanza sikilizeni maelezo yanayotolewa mahali pa kutazamia, kisha ingieni ndani, na mwisho ombeni kiongozi awashushe hadi FLK, yaani Korongo la Frida Leakey (mke wa kwanza wa Louis), mahali penyewe fuvu lilipopatikana, pakiwa na alama yake. Jua linapokuwa kali, bibi na mtoto mdogo wasubiri juu. Kule chini waombeni watoto watafute tofauti kati ya jiwe lililovunjika lenyewe na jiwe lililopasuliwa kwa makusudi, lenye makali upande mmoja. Mengi ya mawe yaliyotumika kutengeneza zana yaliletwa kutoka Naibor Soit, kilima cha mawe meupe kinachoonekana kutoka pale. Kiumbe aliyetembea hadi kilimani kuchagua jiwe zuri na kurudi nalo kwa kazi ya baadaye alikuwa tayari akifikiria mbele. Kwangu mimi, hakuna jambo la Oldupai linalogusa moyo kuliko hilo. Kitu chochote kitakachoonekana chini kiachwe pale pale kilipo, hata kama ni kipande cha mfupa kisichozidi ukucha, kwa sababu Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda vitu hivyo, na kwa sababu kitu kilichotolewa kwenye tabaka lake hakina tena umri wala habari.

Wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba Zinjanthropus ndiye mtu wa kwanza. Warekebishieni watoto mapema. Huyo ni tawi la kando, mwenye magego makubwa mno na taya nene, na jamaa zake walitoweka bila kuacha kizazi zaidi ya miaka milioni moja iliyopita. Mwaka uliofuata ugunduzi wa fuvu lile, yaani 1960, katika bonde hilo hilo yalianza kupatikana mabaki ya kiumbe mwingine mwenye ubongo mkubwa zaidi, aliyepewa mwaka 1964 jina la Homo habilis, na huyo ndiye anayehesabiwa karibu na ukoo wetu. Wote wawili waliishi pale katika zama moja. Fuvu halisi la Zinjanthropus haliko Oldupai, linahifadhiwa na Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam, na mtakaloliona bondeni ni nakala.

Laetoli iko kiasi cha kilomita 45 kusini mwa Oldupai, na najua watoto wataomba kwenda. Msiipange. Nyayo zilizochimbuliwa mwaka 1978 na 1979 zilifukiwa tena ili zisiharibiwe na mizizi, mvua na miguu ya watu, na hilo ni jambo la kushukuru. Nakala nzuri ipo katika jumba la makumbusho. Pale ndipo mtakapoitandaza kamba yenu chini na kuisoma upya. Waelezeni watoto kwamba majivu ya volkano yalinyeshewa mvua kidogo, yakawa kama saruji mbichi, na kwamba juu yake walipita swala, sungura, kanga, tembo, na watu watatu wadogo kwa wakubwa, katika mstari wa mita 27 hivi. Nyayo ndogo zina urefu wa sentimita 18 na kitu, kwa hiyo mwambieni wa miaka saba apime mguu wake. Waambieni pia jinsi zilivyogunduliwa, kwa sababu watoto hupenda habari hii na ni ya kweli: mwaka 1976 wanasayansi wageni waliokuwa wakipumzika walianza kurushiana mavi makavu ya tembo, mmoja wao, Andrew Hill, akainama kukwepa, akaona alama za wanyama na matone ya mvua katika mwamba alioangukia. Nyayo za watu zilionekana miaka miwili baadaye. Na msiishie kwa wageni. Mwaka 2016 zilitangazwa nyayo nyingine za Laetoli, za watu wawili, mmoja wao mrefu kuliko wote waliojulikana pale, zilizopatikana na watafiti wakiwemo Watanzania Fidelis Masao na Elgidius Ichumbaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mtoto wa shule wa Dodoma anastahili kujua kwamba kazi hii ni yake pia.

Nifike sasa kwa bibi na habari ya nyani. Hofu yake ina msingi, kwa maana wengi wanaoeleza jambo hili hulieleza vibaya. Sayansi haisemi kwamba mtu ametokana na nyani huyu anayeiba mahindi shambani. Inasema kwamba mtu na sokwe wana babu wa mbali sana wa pamoja, aliyeishi miaka milioni kadhaa kabla hata ya nyayo za Laetoli, na kwamba kila ukoo ulienda njia yake. Mwambieni hivyo kwa heshima na bila kumshinda kwa hoja. Kisha mpeni nafasi ya kuona mwenyewe, kwa kuwa nyayo ni nyayo, na mama aliyelea watoto akizitazama hahitaji kuambiwa na mtu kwamba aliyezikanyaga alitembea kama sisi. Swali la ni nani aliyeweka uhai, na kwa nini, halijibiwi na tabaka la majivu, na kiongozi mwenye akili pale bondeni hatajaribu kulijibu. Makanisa mengi makubwa hayaoni vita kati ya mambo haya mawili. Ikiwa bibi atataka kusali mezani jioni hiyo na kumshukuru Mungu kwa kazi ya siku nyingi kuliko alivyodhani, watoto watakuwa wameona mtu mzima akishika imani yake na ushahidi wa macho yake pamoja, na sijui somo lipi lingekuwa bora.

Rudini Karatu kulala. Siku ya nne iwe ya boma peke yake, na hapa nakuomba unisikilize kwa makini, kwa kuwa ndipo familia nyingi hupoteza fedha na nafasi. Ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro kuna maboma yaliyotengwa kwa wageni. Hulipwa kwa gari, wageni huimbiwa, huonyeshwa nyumba moja na meza za shanga, kisha huaga ndani ya muda mfupi. Siyadharau, maana fedha ile hununua dawa na daftari, na mwenyeji anayewapokea magari mengi kwa siku hawezi kufanya vinginevyo. Lakini kwa watoto wenu haitoshi. Nawashauri mgeuze kurudi Makuyuni na kuelekea Monduli Juu, au kama mna nguvu ya barabara, Longido, ambako utalii wa utamaduni huendeshwa na wanakijiji wenyewe kupitia ofisi zao, na ambako mnaweza kushinda kutwa na kulala. Ombeni mambo ya kawaida: kukamua alfajiri, kupeleka ndama malishoni, kuchota maji, kusaidia kuziba ukuta wa nyumba kwa udongo na samadi. Nyumba hujengwa na wanawake na ni mali yao, na binti yenu wa miaka 14 atajifunza mengi kwa kushinda na wajenzi kuliko kwa kutazama morani wakiruka.

Bibi ndiye mwenye ufunguo wa siku hii. Umasaini husimama juu ya umri. Wanaume huenda maishani pamoja na rika lao, kutoka ulayoni, yaani utoto wa kabla ya jando, hadi umorani hadi uzee, chini ya malaigwanani, yaani viongozi wa rika lao, na kila mtu anajua nani amsalimu nani kwanza. Mtoto huinamisha kichwa mbele ya mkubwa naye huguswa utosini. Familia inayoingia ikitanguliwa na mama mzee inaeleweka papo hapo, lakini familia inayoingia ikitanguliwa na kamera itapokewa kama watalii. Wafundisheni watoto kuinamisha kichwa. Mwanamke husalimiwa "takwenya", naye hujibu "iko", na shukrani ni "ashe". Wengi wa wenyeji wenu watazungumza Kiswahili sawa nanyi, kwa hiyo mnayo fursa ambayo mgeni kutoka Ulaya haipati kwa fedha yoyote, ya kuzungumza bila mkalimani.

Na bibi ana mengi ya kuzungumza. Wagogo na Wamasai wamekuwa majirani kwa vizazi, wakiporana ng'ombe, wakioana, wakiigana mavazi na kutoga masikio, na zipo koo za Kigogo zinazojihesabia asili ya Umasaini. Aulize jinsi nyumba inavyojengwa, kisha awaeleze wenyeji tembe la Kigogo na paa lake la udongo. Wakifika kwenye habari za njaa, Wamasai watamweleza Emutai, maangamizi ya miaka ya 1890, wakati sotoka ilipoua ng'ombe karibu wote, na ndui na njaa zikaua watu. Yeye atakuwa na Mtunya, njaa kuu ya Ugogo iliyoanza mwaka 1917, ambayo bila shaka aliisikia kwa wazazi wake. Hapo watoto watakaa kimya wasikilize wazee wawili wakilinganisha misiba ya watu wao, na hawatawaona Wamasai kama watu wasio na historia tena.

Jambo hilo la historia lionyesheni pia katika vitu vya mkononi. Shanga za kioo zilitengenezwa Ulaya na kuletwa bara kwa misafara ya biashara kutoka pwani, na shuka la pamba lilichukua nafasi ya ngozi ndani ya vizazi vichache vilivyopita. Mama wa boma amezichukua shanga hizo za kigeni na kuzipa mpangilio, rangi na maana ambazo ni za Kimasai kabisa, na hilo ni kazi ya watu walio hai na wanaoamua. Mkinunua, nunueni kwa aliyezitunga, na msipatane bei hadi chini kama sokoni. Picha ziombwe kwanza. Maswali ya jando yaachwe, na swali la ukeketaji, ambalo binti yenu huenda akawa nalo, lijibiwe na wewe mwenyewe garini: ni kosa kisheria nchini mwetu tangu mwaka 1998 inapofanyiwa msichana aliye chini ya miaka 18, linapigwa vita na Wamasai wenyewe, wanawake kwa wanaume, na halikuwa la Wamasai peke yao, wala Ugogo haikuwa nje yake. Maziwa ya kibuyu yana harufu ya moshi wa kuni zilizotumika kukisafishia. Kwa tumbo la mtoto ombeni yaliyochemshwa, na mwenyeji hatakasirika.

Kuna habari za siku hizi ambazo wazazi mnapaswa kuzijua kabla ya kwenda. Mwaka 1959, mwaka ule ule wa fuvu la Zinjanthropus, Wamasai walioondolewa Serengeti walihamishiwa Ngorongoro, ikaundwa hifadhi ambayo ndani yake watu, mifugo na wanyamapori wangeishi pamoja. Kilimo kilipigwa marufuku humo mwaka 1975, na tangu mwaka 2022 serikali imekuwa ikiwahamishia wakazi Msomera, wilayani Handeni. Serikali inasema ni kwa hiari na kwa ajili ya uhifadhi, nao wakazi wengi wamelalamika kwamba wamebanwa huduma ili waondoke. Watoto wanaweza kusikia haya bomani, hasa kwa wenyeji wenye ndugu Ngorongoro. Msiwazuie kusikia, na msiwalazimishe wenyeji kuyasema. Mkiwa njiani waelezeni pia habari za Edward Sokoine, mtoto wa wafugaji wa Monduli aliyekuwa Waziri Mkuu wa nchi hii, akafariki kwa ajali tarehe 12 Aprili 1984 huko Dakawa, Morogoro, akitoka bungeni Dodoma, mji wenu. Chuo kikuu cha kilimo cha Morogoro kina jina lake.

Siku ya tano ni ya kurudi, na ni ndefu. Ondokeni bomani asubuhi baada ya kukamua, mle Babati, na mtafika Dodoma usiku. Kama mume wako anaweza kuongeza siku moja ya likizo, iongezeni hapa ili mlale Babati, badala ya kuiongeza upande wa hifadhi.

Desemba ni mwezi wa mvua za vuli, kwa hiyo gari liwe lenye nguvu ya magurudumu manne, na kama mnalikodi, likodini Karatu kwa siku ya Oldupai pekee, maana barabara nyingine zote hizi ni lami, ukiacha vipande vya Kolo na vya kuingia bomani. Bebeni kitambulisho cha taifa cha kila mtu mzima na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kwa kuwa kiingilio cha raia ni sehemu ndogo sana ya kile cha mgeni na uraia lazima uthibitishwe langoni. Malipo hufanywa kwa kadi au kwa namba ya malipo ya serikali, si kwa fedha taslimu, hivyo pateni viwango vya sasa na namba hiyo kutoka Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro kabla ya kuondoka Karatu. Wenyeji wa boma wapigieni simu wiki mbili mapema, mtaje kwamba mnakuja na mama mzee, na muulize yeye alale wapi.